Ukwaju kwa Injini ya Baba

Petroli na ukwaju. Wengine wakikumbuka kwao hukumbuka mvua ya kwanza juu ya vumbi, au maziwa yaliyofurika yakamwagikia motoni. Mimi hukumbuka petroli na ukwaju, harufu mbili ambazo hazikupaswa kukutana jikoni, tena jikoni kwa mjane. Petroli ilikaa nje ya mlango katika kopo kuukuu la rangi, mbali na mafiga, na bado ilipenya. Ukwaju ulichemka taratibu kwenye sufuria kubwa iliyopikia watu wa matanga, ukitoa mvuke mchachu uliotufanya tumeze mate hata tukiwa tumeshiba. Ndani ya mchuzi huo, mahali ambapo ungetegemea kuona samaki, kililala kifuniko cha injini ya pikipiki. Nilikuwa darasa la sita. Msimu huo, kabla ya mvua za vuli kuanza, mimi na mama tuliipika injini ya baba pale Busibwabo hadi ikang'aa, na asiyetaka kuamini shauri lake.

Baba alikuwa mwendesha bodaboda, na silitaji hilo kwa kuomba radhi. Jina lenyewe lilizaliwa huku kwetu mpakani, enzi za baiskeli, vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili, na leo watu wa miji ya mbali wanalitumia bila hata kutuambia asante. Baba alifanya kazi kati ya Busia na Nambale, na siku nyingine aliwapeleka wagonjwa hospitali ya Alupe, akiendesha polepole ili wasiumie kwenye mashimo. Kila Jumamosi jioni aligeuza kreti la soda, akaketi juu yake, akaanza kuisugua injini kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, kuanzia kava ya klachi hadi mapezi ya silinda, pezi kwa pezi, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alikuwa akisema abiria huitazama injini kwanza, ndipo amtazame dereva usoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya mapenzi, lakini mtu aliyemwona Jumamosi jioni alijua kwamba anapenda kitu. Kisha kifua kikamshika, akalazwa, na hakurudi nyumbani ila ndani ya sanduku.

Siku chache baada ya mazishi ilifika siku ya kunyoa. Kwetu, watu wa ukoo hukusanyika, wafiwa wakanyolewa nywele, na mambo ya marehemu yakasemwa hadharani: nani atachukua nini, nani atamwangalia nani. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi. Mama alikaa chini, juu ya mkeka, kichwa chake kikiwa kimenyolewa kinang'aa, miguu ameinyoosha mbele, na mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wake. Aliyesimama kusema alikuwa Baba Mkubwa Barasa, kaka mkubwa wa baba. Alitaja koti, akataja redio, halafu akaja kwenye pikipiki. "Hiyo pikipiki ni kitu ya ukoo," akasema. "Mwanamke ataendesha aende wapi?" Watu wakacheka, wengine kwa haya, lakini walicheka. Mama alikuwa Mteso, mzaliwa wa upande wa Malaba, na siku hiyo walimtazama kama mgeni aliyesahau kwenda kwao. Hakuna aliyemuuliza neno. Jirani mmoja alimwinamia akamnong'oneza, "Nyamaza tu, dada. Mwenye nguvu mpishe." Methali hiyo siipendi hadi leo. Aliyeitunga bila shaka ndiye aliyekuwa na nguvu.

Baba Mkubwa hakuitaka pikipiki aiendeshe. Alitaka kuiuza, na alikwisha kumpata mnunuzi kutoka ng'ambo, upande wa Uganda. Akamwagiza mke wake aioshe vizuri ili imvutie mgeni. Sasa mama huyo, maskini, hakuwa na nia mbaya. Injini ilikuwa imeshika mafuta na vumbi la majuma yote ambayo baba alikuwa hospitalini, na sabuni ilikuwa haiondoi kitu. Akafanya kile ambacho mwanamke wa kwetu angefanya: akachukua musherekha. Ni maji ya jivu la maganda ya maharagwe, yaliyochujwa polepole, tunayopikia mboga ngumu ili zilainike. Yana ukali wa kukata mafuta kuliko sabuni yoyote ya dukani. Akaimwagia injini yote, akaipaka tena kwa kitambaa, akaiacha ilale nayo. Asubuhi mafuta yalikuwa yametoka kweli, lakini injini ya baba ilikuwa imegeuka nyeusi, yenye mabaka ya kijivu, mithili ya kitu kilichotolewa kwenye nyumba iliyoungua.

Mnunuzi alifika, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kava, akakitazama kidole chake. "Banange!" akashangaa. "Ssebo, hii injini imeungua. Mimi siwezi nunua jivu." Akapanda matatu akarudi zake. Baba Mkubwa hakuwa mtu wa kuvumilia kuaibishwa mbele ya watu, na badala ya kumeza aibu yake akatafuta mahali pa kuitupa. Jumapili, watu wakiwa ndio wanatoka kanisani wamesimama barabarani wakisalimiana, aliwaambia vijana waisukume ile pikipiki hadi uani kwetu, naye akafuata nyuma akizungumza kwa sauti ili wote wasikie. "Mama Nekesa! Chukua chuma yako. Imekufa na mwenyewe. Mimi na hii kitu tumemalizana, na hawa wote wamesikia." Nekesa ni mimi. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo, wakatikisa vichwa wakakubali. Waliiangusha kwenye migomba, wakaenda kula.

Nilidhani mama atalia. Alisubiri mpaka uani pakawa patupu, akaisimamisha pikipiki peke yake, akaukwaruza ule weusi kwa ukucha, akaulamba, akatema. "Musherekha," akasema. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kicheko kifupi cha puani. Akanieleza jambo ambalo kila mpishi wa nyumba zetu analijua na hakuna mwanamume hata mmoja kati ya wale aliyewahi kulifikiria. Ukipikia mboga ya musherekha kwenye sufuria ya alumini, sufuria hugeuka nyeusi ndani. Hujaiunguza. Unaipikia kitu kichachu, na weusi unaondoka. "Hii injini haijaungua," mama akasema. "Hii ni sufuria." Kesho yake akafunga leso kichwani kilichonyolewa, akaenda kwao Malaba, na jioni akarudi na nusu gunia la ukwaju. Kwao huutia kwenye uji na kwenye atapa, ugali wao wa wimbi na muhogo, na nyanya yangu alimpa bila hata kuuliza ni wa nini, akidhani binti yake ameanza kupata hamu ya kula.

Hapo ndipo alipokuja fundi Ekirapa, rafiki wa baba aliyekuwa na banda lake la kutengeneza pikipiki kule Malaba. Alipoiona injini alipiga mluzi. Mama akamwomba jambo moja tu, aifungue, kila kifuniko na kila kijichuma kitoke, kwa sababu huwezi kuosha sufuria ikiwa juu ya moto. Ekirapa akaifungua. Ndani mlikuwa safi, mafuta yake bado yana rangi ya asali, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema kwa sauti: "Mama, hii kitu ni nzima kabisa. Ilichafuka uso tu." Akatupangia vipande juu ya gunia, akatuonyesha vile visivyotakiwa kuguswa na maji, akasema tukimaliza tumwite. Fremu ikabaki imeegemea ukuta wa jiko kwa nje, tumbo lake tupu.

Basi tukaanza kupika. Ukwaju ulilowekwa usiku kucha, ukafikichwa, ukachujwa, ukatiwa motoni, lakini usichemke kwa fujo. Kifuniko kilikaa humo hadi mama aseme, na alikuwa akijua kwa kukitoa na mwiko na kukinusa, namna ile ile anavyonusa mboga. Kikitoka, weusi ulikuwa umelegea, unafutika kama masizi. Kisha msasa, na sisemi ule wa karatasi tu. Karatasi tulikuwa nazo chache, alizotuachia Ekirapa, za kukwaruza na nyingine laini, na tulizitumia na maji hadi zikabaki kama kitambaa. Zilipoisha tulichuma majani ya mti wenyewe wa msasa kando ya mto, yale yanayokwaruza ulimi wa mbuzi, tukasugua nayo kwa mizunguko midogo midogo, kila mara upande mmoja, maana ukisugua ovyo mikwaruzo hukutana na mng'ao haushiki. Mwisho ilikuwa kitambaa kikavu na kiganja. Kabureta tuliiosha kwa petroli na mswaki uliochakaa, tukapuliza vitundu vyake kwa mdomo hadi midomo ikafa ganzi. Ekzosi ndiyo iliyotutesa, kwa sababu ile haikuwa alumini na kutu haiogopi ukwaju kwa urahisi. Tuliisugua kwa nyuzi za chuma mpaka vidole vikachubuka, na ukwaju ukiingia kwenye kidonda unalijua jina lako lote.

Majirani walitucheka vya kutosha. Walipita wakichungulia juu ya ua: "Mama Nekesa, leo mnakula nini? Pistoni ama kiki?" Shuleni waliniita binti wa wapika injini, na msichana mmoja akauliza kama tunaila na ugali. Nilimpiga. Nilichapwa kwa kumpiga, na ningempiga tena. Lakini sitaki mtu adhani kwamba msimu ule ulikuwa wa hasira tu. Palikuwa na utulivu katika kazi ile ambao nyumba yetu haikuwa imeupata tangu baba augue. Mama aliongea nikiwa nasugua. Alinieleza jinsi walivyokutana, yeye akiwa abiria na baba bado ana baiskeli, jinsi alivyomdanganya kwamba anakwenda mbali ili safari iwe ndefu. Nilimlilia baba waziwazi siku moja tu, siku tulipofikia kiki, kile chuma cha kuwashia kwa mguu. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja kwa unyayo wa kulia wa baba, na sikuweza kuusugua. Mama aliutazama, akaniambia niuache hivyo hivyo.

Vipande vilipoanza kung'aa hatukuwa na pa kuvikaushia ila uchanja wa vyombo. Tukavipanga hapo juani kati ya sufuria na sahani, kava ya klachi kando ya bakuli la mboga, kichwa cha silinda karibu na birika. Jua la saa tano lilipowaka juu yake, mng'ao ulionekana hadi barabarani. Waendesha bodaboda waliopita walipunguza mwendo. Mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza hiyo ni pikipiki mpya ya nani. Si ajabu kwamba Baba Mkubwa alisikia. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja na miguu yake.

Alikuja na vijana wawili wa bodaboda aliowakodi stendi, na kamba. Mama alimwona tangu akiwa kwenye kona ya barabara. Hakupaza sauti. "Nekesa," akasema, "ingiza vyombo jikoni." Nilielewa. Nilibeba vipande vyote, viwili viwili, mwishowe nikabeba kwa upindo wa gauni, hadi uchanja ukabaki na sufuria tu. Baba Mkubwa alipofika alimkuta mama ameketi kwenye kizingiti cha jiko, mwiko mkononi, na fremu imeegemea ukuta.

"Nimekuja kuchukua ile kitu ya ndugu yangu," akasema.

"Karibu, baba. Hiyo hapo."

Aliitazama fremu, akatazama pale injini ilipotakiwa kuwa. "Injini iko wapi?"

"Iko jikoni kwangu, baba. Ingia uchukue."

Hapa inabidi nieleze, kwa asiye wa kwetu. Kwa baba zangu, kaka mkubwa wa mume huhesabiwa kama baba mkwe. Mama alimwita baba, hakumtazama usoni, hakupeana naye mkono. Na yeye kwa upande wake hakuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti cha jiko la mke wa mdogo wake, hata nyumba ikiungua. Kila mtu alilijua hilo, na majirani walikuwa wamekwisha kuanza kukusanyika uani, wanawake wengi wao, wale wale waliokuwa wakituuliza kama tunakula pistoni. Baba Mkubwa akawageukia vijana. "Ingieni nyinyi." Mmoja alitazama mwiko, akatazama wanawake, akaanza kuikunja kamba. "Apana, mzee," akasema. "Siwezi ingia jikoni ya mama ya wenyewe. Hiyo kazi ulinipatia ulisema ni kusukuma tu."

Sikutumwa na mtu kusema nilichosema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, kava ya klachi nimeikumbatia, ikiwa bado ina joto la jua, na maneno yakatoka. "Ulisema imekufa. Ulisema mbele ya watu wa kanisa kwamba mmemalizana." Mtoto, tena wa kike, kumjibu mtu mzima wa ukoo! Baba Mkubwa alininyooshea kidole. "Huyu mtoto amefundishwa na nani kujibu wazee?"

"Na wewe, baba," mama akasema, macho yake chini kama inavyotakiwa. "Ulisema kwa sauti kubwa. Alisikia vizuri."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, halafu wengine, na kicheko hicho hakikuwa kile cha siku ya kunyoa. Mmoja wa wazee waliotikisa vichwa ile Jumapili alikuwa amefika pia, akiegemea fimbo yake, na Baba Mkubwa akamtazama amsaidie. Mzee akakohoa, akakiri kwamba ndiyo, yale maneno yalisemwa, na yeye aliyasikia. Baba Mkubwa akasema desturi itatuadhibu. Mama akajibu kwamba desturi ndiyo iliyomsimamisha mlangoni. Baba Mkubwa akaondoka bila fremu.

Ekirapa aliirudisha injini mahali pake kabla mvua hazijaanza, na ilipowaka mama alishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akajifunza kuiendesha, na lazima niseme ukweli, aliendesha vibaya. Alianguka kwenye mtaro wa kanisa, akaanguka tena sokoni Nambale juu ya mihogo ya mtu. Hakuwahi kuipenda. Lakini aliendesha miaka mingi, akibeba mihogo na ukwaju wake kati ya Malaba na Busia, leso ikipepea, na kila alipopita mbele ya nyumba ya Baba Mkubwa alipiga honi. Upande huo wa ukoo ulisusa kula kwetu kwa muda mrefu. Hatukukonda. Baba Mkubwa alikufa bila kuomba radhi, nami nilikwenda kumzika kwa sababu ni baba yangu, lakini sikumsamehe, na wanaonihubiria msamaha nawaambia wanitafutie kwanza ukurasa ambapo yeye aliuomba.

Sasa nina banda langu Busia, karibu na foleni ya malori, na kazi yangu ni hiyo hiyo ya kufungua injini na kuzirudishia sura. Mambo yamebadilika. Kuna dawa za chupa zinazofanya kwa dakika kile ambacho ukwaju ulifanya kwa siku nzima, na kuna vijana wasiosugua kabisa: wanapuliza rangi ya fedha juu ya uchafu, injini inang'aa mpaka ipate moto, kisha inababuka. Nawafukuza wakija na makopo yao hapa kwangu. Wateja wapya bado huniuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia wakae wamsubiri, huku nikifungua boliti. Wasichana wawili nimewafundisha, na mmoja sasa ananizidi kwa mng'ao. Ukinipima kwa hayo utasema tumefika mbali, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuamini.

Kisha mwaka huu mteja wangu mmoja wa Nambale akafariki, kijana mpole, na nikaenda siku ya kunyoa kumfariji mkewe. Viti vya kukodi vilikuwa vya plastiki safari hii, na mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti. Mjane alikuwa chini kwenye mkeka. Shemeji yake akasimama, akazungumza vizuri, kwa heshima, akasema pikipiki itakwenda kwake, na watoto wataangaliwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, akiuelekeza uso wake kwenye viti. Mimi si wa ukoo huo. Sina ng'ombe wala damu pale, na nilijua kabisa kwamba si mahali pangu. Nikasimama.

"Huyu mama yuko hai," nikasema. "Mumuulize yeye."

"Na wewe ni nani hapa?" mwenyekiti akauliza, na kipaza sauti kikalirusha swali hilo hadi barabarani.

"Mimi ndiye fundi wa hiyo injini. Na sitakaa chini mpaka aulizwe."

Walininong'onea niketi. Mtu alinivuta sketi. Jua lilikuwa kali, na nilisimama vivyo hivyo hadi mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akageuka akatazama chini kwenye mkeka na kumuuliza yule mjane anasemaje. Alikuwa na mengi ya kusema.